Nyota tatu kwa promota: siku moja juu ya pikipiki, siku moja na kadi na panchi

Nyota tatu kati ya tano. Ningeandika Jumamosi jioni ningetoa nne na nusu. Ningeandika Jumapili saa nane mchana, nimelowa chapachapa, kalamu imegoma na vijana tisa kwenye foleni wananitolea macho, ningetoa moja na kwenda zangu. Ndiyo maana nimengoja siku kumi.

Ninayoyatathmini ni mashindano ya trayali ya pikipiki ya siku mbili yaliyoandaliwa na promota, yaani kampuni, si klabu, na watu wananiuliza kama ni haki apate faida. Kampuni siitaji. Wenyewe wanajijua, na sidhani haya niliyoyaona ni yao peke yao. Jumamosi nilishindana, daraja la kati, lile la watu wenye kazi za kuamkia Jumatatu na magoti yanayolalamika. Jumapili nilikuja kutazama tu, nikajikuta nimevishwa reflekta na kukabidhiwa kadi za pointi na panchi ya kuzitobolea. Yaani siku ya kwanza niliinunua huduma, siku ya pili nikawa mimi ndiye huduma, tena ya bure.

Kwa asiyeujua mchezo: trayali si mbio. Unapewa kipande cha njia, tuseme mita 40, kimezungushiwa utepe kulia na kushoto. Ndani kuna mawe, mizizi, korongo, gogo lililolazwa makusudi. Unaingia huku, unatokea kule, na kazi yako ni kutotia mguu chini. Ukipita safi, sifuri. Mguu mara moja, pointi moja. Mara mbili, pointi mbili. Mara tatu na kuendelea ni tatu, hata kama umepiga miguu kama kasia toka mwanzo hadi mwisho. Ukianguka au ukitoka nje ya utepe, tano. Mwenye pointi chache kuliko wote ndiye bingwa. Pikipiki haina kiti, kwa sababu hakuna atakayekaa. Uzito wake ni kilo 70 hivi, na upepo wa tairi hauzidi nusu bar, wakati tairi la gari dogo linataka zaidi ya mara nne ya hapo. Tairi hulegezwa hivyo ili lilale juu ya jiwe na kulishika.

Sasa, kila kipande kina mwangalizi. Ndiye anayehesabu miguu. Anasimama palepale toka asubuhi mpaka pikipiki ya mwisho ipite, anatazama soli za viatu vya watu, anatoboa kadi. Vipande kumi vinataka waangalizi kumi kwa uchache, na ukitaka haki itendeke weka wawili wawili. Mashindano yakiwa na waangalizi wazuri, hata yakikosa jukwaa, kipaza sauti na bango, ni mashindano. Yakiwakosa, ni watu wanaopanda mawe. Na kwa desturi ya mchezo huu, tangu enzi za babu zetu, waangalizi hawalipwi. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Jumamosi kwanza, kwa sababu Jumamosi walistahili sifa.

Kujiandikisha kulichukua dakika nne. Nimeendesha trayali miaka kumi na minne, yote kwenye mashindano ya klabu, na nimezoea kujiandikishia juu ya boneti ya gari la katibu, upepo unapeperusha fomu, katibu mwenyewe hayupo kwa sababu amekwenda kufunga utepe kipande cha sita. Hawa walikuwa na hema, meza na dada mmoja aliyejua jina langu kabla sijalitaja. Namba yangu ilikuwa tayari. Ramani ilikuwa imechapishwa na inasomeka. Gari la wagonjwa lilikuwepo, na nasema lilikuwepo nikimaanisha limeegeshwa linatazama barabara, dereva yumo ndani. Kwenye klabu yetu gari la wagonjwa ni namba ya simu.

Vipande navyo vilipangwa na mtu anayejua. Niliogopa sana hapo. Kampuni ikitaka kuwafurahisha watazamaji huweka jiwe kubwa la kupigia picha, wataalamu wanalipanda, watazamaji wanapiga makofi, na sisi wa daraja la kati tunapewa mabaki: njia ya kuku inayozunguka nyuma ya jiwe, haina fundisho wala raha. Safari hii haikuwa hivyo. Walimwajiri mshindani mstaafu, mtu mkimya mwenye kofia ya sufu, akapanga mistari mitatu ndani ya kila kipande, na mstari wetu ulikuwa na akili. Kipande cha nne nakikumbuka mpaka sasa: unashuka mkondo wa maji, unakata kona ya kulia juu ya jiwe lenye utelezi, na mara tu gurudumu la mbele linapopata ardhi ngumu unatakiwa kuinua pikipiki juu ya gogo. Nguvu hazisaidii. Ukishika mafuta mapema, la nyuma linateleza. Ukichelewa, unagonga gogo kama mlango. Raundi ya kwanza nilipata tatu. Ya pili, moja. Huyo mzee wa kofia alikuwa amesimama mbali, nikamwona akitikisa kichwa kidogo kukubali. Kama alilipwa, na nasikia alilipwa, basi ile sehemu ya ada yangu iliyomfikia yeye nimeitoa kwa moyo mweupe.

Hapo ndipo sifa zinapoanza kupungua. Vipande vyote kumi walivibana kwenye mteremko mmoja. Sababu inajulikana: mtazamaji aliyelipa kiingilio hataki kutembea kilomita tano kwenye nyasi ndefu kumfuata mtu anayekwenda mwendo wa kobe. Anataka asimame mahali pamoja aone vipande vitatu. Haki yake. Lakini trayali ya kawaida huwa ni mzunguko. Kati ya kipande na kipande kuna safari, na ile safari ndiyo inayowatawanya watu. Ukiiondoa, wote wanafika kila mahali kwa wakati mmoja. Kipande cha saba nilisubiri dakika hamsini, nikazihesabu. Mwili ulipoa, klachi ikapoa, nikaingia nikiwa mgumu kama ubao nikachukua tano ambayo hata kwa klabu sijaichukua miaka mitatu. Tulipangiwa raundi tatu, tukaishia mbili, halafu kipaza sauti kikasema "kwa sababu za muda". Ada ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya klabu. Ukigawa ada kwa idadi ya vipande nilivyoendesha, hesabu inauma, na sikuona mtu yeyote mezani akizungumzia kurudisha theluthi.

Hata hivyo usiku ule nililala na furaha. Mwanangu aliniona nikipita kipande cha pili safi huku watu wasionijua wakipiga makofi. Miaka kumi na minne, watazamaji wangu wamekuwa mke wangu, mke wa katibu na ng'ombe. Sitajifanya sikulifurahia lile.

Jumapili mvua ilianza saa moja.

Walikuwa na mfumo wa vishikwambi. Kila mwangalizi anabonyeza pointi, zinaruka mpaka kwenye skrini kubwa, mtazamaji anajua nani anaongoza. Wazo zuri kabisa. Ila skrini ya kishikwambi haijui tofauti ya kidole na tone la maji. Nilikuwa nimesimama nyuma ya utepe wa kipande cha nane nilipoona tone likidondoka kutoka kwenye kofia ya mwangalizi, likampa tano kijana aliyekuwa bado hajaingia. Kijana yule akafika mwisho safi, akatazama skrini kubwa, akashika kichwa. Ndani ya nusu saa vishikwambi vyote vikarudishwa hemani na kadi za karatasi zikatoka kwenye sanduku, pamoja na panchi za zamani. Nani aliyekuja na lile sanduku? Klabu. Kuna mtu wa klabu aliyaona mawingu usiku akaliweka kwenye gari lake.

Kisha kipaza sauti kikaita: waangalizi wamepungua, ndugu na jamaa za washindani wanaombwa kusaidia.

Nikakaa kimya nikatafakari lile tangazo. Kuna jukwaa la viti. Kuna hema la wadhamini lenye zulia, ndiyo, zulia, kwenye matope. Kuna mtangazaji aliyekodiwa, mwenye sauti ya redio. Kuna walinzi wawili wa kukagua tiketi. Hawa wote wamelipwa au watalipwa. Lakini yule anayeamua nani ameshinda, yule ambaye bila yeye hakuna cha kukagulia tiketi, anaombwa kwenye kipaza sauti kama mtu aliyepoteza funguo.

Nikaenda. Sijui kwa nini. Ndivyo tulivyo watu wa trayali.

Nikapangwa kipande cha nane na mzee mmoja ambaye amefanya uangalizi tangu mimi sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kadi, akanionyesha jiwe. "Wewe kaa huku chini, tazama visigino. Mimi nipo juu, natazama vidole. Usitazame pikipiki, kijana wangu, pikipiki itakudanganya."

Na kweli inadanganya. Jiwe la kipande cha nane lilikuwa na mgongo kama wa kobe, limeota kuvu za kijani. Kijana mmoja wa daraja la juu aliingia, akapanda nusu, akasimama. Sheria walizotumia zinaruhusu kusimama. Akawa anarusha gurudumu la mbele kidogokidogo, sentimita tano, sentimita tano, akitafuta mstari, injini inanong'ona, msaidizi wake nyuma amenyoosha mikono tayari kumdaka. Watu kimya. Akaruka. Pikipiki ikapanda vizuri mno, na wakati inapanda mguu wake wa kushoto ukatoka kwenye kikanyagio, kisigino kikaburura juu ya jiwe, kikarudi. Kitendo cha nusu sekunde. Aliyekuwa jukwaani asingekiona. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, na nilichokiona hasa si mguu: ni mstari mweupe wa jiwe tupu, urefu wa kalamu, pale kuvu ilipong'olewa.

Kabla sijainua kidole, mtangazaji alishapiga kelele: "Saaafi!" Jukwaa likalipuka.

Nikainua kidole kimoja. Nikatoboa kadi, moja.

Msaidizi akanijia. "Braza, hakugusa." Nikamwonyesha mstari. Akautazama, akanyamaza, kisha akasema huenda ulikuwepo. Jukwaani wakaanza kunizomea, kwa sababu mtangazaji alisema safi na mimi nani. Mtangazaji, badala ya kusahihisha, akafanya utani kuhusu miwani yangu. Sijavaa miwani. Mzee akateremka kutoka juu, polepole, akatazama jiwe, akasema "mguu", akapanda tena kwenye nafasi yake.

Nimeisimulia yote hii kwa sababu ndani yake mna jibu langu kuhusu promota na faida. Watu wamekuwa wakinitumia jumbe: wewe mtu wa klabu, si utasema biashara imeuharibu mchezo? Sisemi hivyo.

Nilimkuta promota mwenyewe jioni, anakunja nyaya karibu na jenereta, suruali imejaa matope mpaka magotini. Hilo lilinipendeza, bosi anayekunja nyaya ni bosi. Akaniambia, "Kaka, leo mmetuokoa." Nikamwambia tumewaokoa au tumewafanyia kazi? Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Haya, tuseme ukweli," akasema. "Jukwaa nimekodi. Bima nimelipa kabla ya kuuza tiketi hata moja. Mvua ingekuja Jumamosi, ningebaki na deni langu peke yangu, hakuna mwanachama wa kugawana naye. Klabu yenu imefanya haya miaka mingapi? Na nje ya familia zenu nani alikuja kutazama?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Mtu aliyeweka pesa yake mbele, akabeba hatari ambayo klabu haiwezi kuibeba, akaleta watu ambao hawajawahi kuiona trayali, huyo ana haki ya kubaki na kitu mfukoni. Na anayeogopa neno "faida" aniambie jambo moja: klabu nazo si hubaki na akiba? Hubaki. Yetu hununua mishale ya kuonyesha njia, utepe na pikipiki ndogo za watoto. Nyingine nimeziona akiba inaingia kwenye daftari linalofunguliwa na mweka hazina peke yake, gizani. Neno "kujitolea" halimtakasi mtu.

Tena kuna aina ya trayali ambayo bila promota isingekuwepo kabisa. Ile ya ndani ya ukumbi ilizaliwa Barcelona mwaka 1978. Pale hakuna mlima. Mawe, magogo na madaraja yote hujengwa sakafuni na kubomolewa usiku huohuo. Klabu ya watu arobaini haiwezi kukodi ukumbi wa maelfu ya viti na kuujaza saruji. Lakini ukishaujaza, mtazamaji amekaa kitini, taa zinamulika jiwe moja, kila mguu unaonekana. Anachokilipia anakiona. Mhispania Toni Bou alitawala humo na nje kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2024, mataji ya dunia zaidi ya 30, na asiyeijua klachi ni nini anaweza kumtazama dakika tano akaelewa kwamba mtu huyu si wa kawaida. Faida ya pale inatoka kwa watazamaji na wadhamini. Sioni wa kulalamika.

Nje, milimani, hesabu ni nyingine. Huwezi kuweka geti kwenye mlima. Mashindano ya siku sita ya Scotland yalianza 1909 kama siku tano, yakawa sita 1911, na mpaka leo yanaandaliwa na klabu ya pikipiki ya Edinburgh na vitongoji vyake. Wanaoomba nafasi ni wengi mpaka inabidi wachaguliwe kwa bahati nasibu, na waangalizi wanapanda kwenye yale mawe ya kandokando ya Ben Nevis, kwenye baridi, wiki nzima, bila mshahara. Kwa nini wanakubali? Nadhani ni kwa sababu hakuna mtu mmoja anayetajirika kwa kusimama kwao. Kule Yorkshire kuna Scott Trial, iliyoanzia 1914 kwa wafanyakazi wa kiwanda cha pikipiki cha Scott. Huko saa nayo inahesabiwa pamoja na miguu, wanaomaliza vizuri hupewa kijiko cha fedha, na pesa inayopatikana huenda kwenye misaada ya watu wa maeneo yale. Mwangalizi anayelowa kwenye Scott anajua siku yake imekwenda wapi. Hata dunia ilipopata ubingwa rasmi mwaka 1975, na Martin Lampkin akauchukua wa kwanza, chini kabisa kulikuwa na watu haohao, kadi, panchi na makoti yaliyolowa.

Kwa hiyo swali langu kwa promota si kama apate faida. Ni faida hiyo ameitoa kwa nani. Aliyoitoa kwenye jukwaa, ni yake. Aliyoitoa kwa mdhamini mwenye zulia, ni yake, na zulia lake. Aliyoitoa kwangu kwa kuniuzia raundi tatu akanipa mbili, hiyo tuiongelee. Na aliyoitoa kwa yule mzee wa kipande cha nane, ambaye hakupewa hata pa kukaa na alikuja kwa mafuta yake mwenyewe, hiyo siyo faida ya biashara. Huo ni mchango. Na mchango una taratibu zake: unaombwa kwa jina lake, na matumizi yake yanasomwa mbele ya waliochanga.

Nilimwambia haya palepale jeneretani, si kwa ufasaha huu. Akasema akiwalipa waangalizi ishirini itabidi apandishe ada. Nikamwambia basi apandishe, aeleze kwenye fomu kwamba nyongeza ni ya waangalizi, tuone ni mshindani gani atakayekataa. Mimi nitalipa. Nimeshawahi kupewa tano na binamu wa mtu aliyeokotwa kwenye kipaza sauti, hajui tofauti ya kusimama na kuzima, na ningelipa chochote siku ile nipate mtu aliyefundishwa. Akasema atafikiria. Akarudi kwenye nyaya zake.

Kwa ufupi, kuhusu mengine: maegesho, mazuri. Vyoo, vilikuwepo na vilisafishwa, klabu mjifunze. Mtangazaji, sauti nzuri, akae kimya mpaka mwangalizi ainue mkono. Hilo moja tu likirekebishwa naongeza nusu nyota. Sehemu ya watoto kujaribu pikipiki za umeme ilikuwa bora kuliko kitu chochote nilichokiona siku zote mbili, foleni ya watoto ilikuwa ndefu kuliko yetu na haikuzomea mtu. Kila baada ya dakika kumi mtoto mmoja anashuka na uso wa mtu aliyeona jambo. Hilo klabu yetu imelipanga kwenye vikao miaka sita bila kulifanya.

Kilichonikatisha tamaa kabisa kilikuwa Jumatatu. Mwenye ardhi ni mama mmoja ambaye klabu imekuwa ikimbembeleza kwa miaka; anatupa mteremko wake mara mbili kwa mwaka kwa sharti moja, apakute kama alivyopaacha. Sisi hurudi siku ya pili na majembe, tunaziba mifereji ya matairi, tunarudisha mawe. Kampuni ilimlipa kodi nzuri, wakaona yameisha. Jumatatu mchana akampigia simu katibu wetu, siyo kampuni: utepe umezagaa vichakani na ndama anautafuna. Tulikwenda watu watano. Yule mzee wa kipande cha nane tulimkuta ameshafika, ana mfuko wa gunia, anakusanya utepe uliochanika na kuukunja kwa vidole vilivyopinda, ule wa bluu huku na ule mwekundu huku, kana kwamba utatumika tena. Nikamuuliza mzee, wewe umelipwa kwa hili? Akaniuliza kulipwa na nani, ndama?

Jiwe la kipande cha nane bado lina ule mstari mweupe. Mvua imeuosha, umekolea zaidi.

Juzi promota amenitumia ujumbe. Mwakani anarudi, ametafuta mteremko mrefu zaidi ili vipande vitawanyike, raundi tatu amezihakikisha, na anataka mimi na mzee tuwe waangalizi wake wakuu. Nikamjibu kwa furaha, nikauliza malipo. Akasema yapo, ya siku zote mbili, pamoja na usafiri. Ila akaomba nisiwaambie waangalizi wengine.

Basi, waangalizi wengine, ndiyo hivyo.